Nyumba ya Vipimajoto Vinne

Mpaka juzi nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na vipimajoto vinne, na tangu vikutane chini ya paa moja havikukubaliana hata siku moja. Kwa tabia hiyo vilishakuwa jamaa. Sisi wenyewe hatukubaliani saa ya kufunga dirisha la roshani, sembuse joto la mtoto.

Cha kwanza kilikuwa cha kioo, cha zebaki, kilicholala ndani ya kifuko cha ngozi kwenye kabati la vyombo vya wageni. Alikileta Ami Muskati. Huyu ni ndugu mdogo wa marehemu babangu, aliyefanya kazi Oman miaka mingi akarudi na maradhi ya kutuhadithia Oman. Ukimwambia leo jua kali, atakwambia hujaona jua. Ukimpa halua ya hapa Mombasa ataila yote, kisha atalalamika kuwa siyo. Kipimajoto chake kiliandikwa kwa Farenhaiti, kwa hivyo kikisoma 100 nyumba nzima ilipiga ukelele, ilhali 100 ya Farenhaiti ni digrii 37.8 tu za Selsiasi tulizozizoea. Kuibadilisha ni lazima utoe 32, uzidishe kwa 5, ugawe kwa 9. Ami alikuwa akiipiga hesabu hiyo kwa sauti, macho kafumba, na aghalabu akifika kwenye kugawa mtoto huwa ameshapoa.

Cha pili ni cha plastiki, cha kubana kwapani, tulichokinunua kemisti alipozaliwa binti yetu wa kwanza. Binti huyo tunamwita Kasuku, kwa kuwa neno likisemwa ghorofani yeye hulifikisha barazani kabla mwenye kulisema hajalimaliza. Kipimajoto hiki ndicho cha kuaminika kuliko vyote, na ndiyo maana hakionekani kamwe kikihitajika. Tumewahi kukikuta ndani ya pakacha la vitunguu. Tumewahi kukikuta kwapani mwa mwanasesere, na mwanasesere kafunikwa shuka, haruhusiwi kuamka.

Cha tatu ni bunduki ya kulenga paji la uso. Hii iliingia nyumbani mwaka 2020, wakati wa korona. Atakumbuka mwenye kukumbuka: tarehe 6 Mei Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, sawa na Eastleigh kule Nairobi, kwa siku 15, na muda ulipokwisha ukaongezwa. Tukafungiwa, ndugu yangu, mimi na Kadhi na watoto na mama mkwe na Ami, kwa vyumba vitatu na roshani moja. Kadhi ni mke wangu. Hukumu zake hazina rufaa, na mimi kila kesi huingia nikiwa mshtakiwa, hata zile nilizozifungua mwenyewe. Aliagiza bunduki ile kwa binamu yake, akakaa nayo mlangoni akimpiga kila apitaye. Mimi nilikuwa nikipimwa nikitoka msalani. Bunduki ina kitufe cha kuchagua, upande mmoja joto la mwili, upande wa pili joto la vitu, mathalani chupa ya maziwa. Tukaishi muda mrefu sote tuna digrii 32, wala hakuna aliyejiuliza vipi bado twatembea, mpaka Kasuku alipobonyeza kitufe tukafufuka.

Cha nne hakiuzwi popote. Ni mkono wa mama mkwe wangu, Bi Kiganja. Jina hili nimempa kwa siri ambayo Kasuku ameshaitangaza hadi Kibokoni. Yeye humgusa mtoto kwa mgongo wa mkono, kwanza paji la uso, kisha shingoni, kisha tumboni chini ya kanzu, halafu hunitazama mimi na homa ya mtoto ikawa yangu. Kadhi ana bunduki, Ami ana hesabu, mimi nina kile cha plastiki nisichokipata. Bi Kiganja mkono wake hauhitaji betri.

Wewe mwenzangu uliyeoa ukazaa, huenda unadhani ile 37 tunayoiapia iliteremka na mvua. Ilitoka Leipzig, Ujerumani, mwaka 1868, katika kitabu cha daktari Carl Wunderlich, aliyewapima kwapani wagonjwa wapatao 25,000 kwa vipimajoto vikubwa vilivyotaka robo saa au zaidi kutoa jibu. (Nani aliweza kumkalisha mtoto wa Leipzig robo saa nzima, ndilo swali ninalojiuliza mimi.) Mwaka 1992 watafiti wa Marekani wakawapima watu wazima 148 wenye afya zao, wakapata wastani wa 36.8, na wakaona kuwa mtu asiye na ugonjwa wowote anaweza kufika hata 37.7 na akaenda zake sokoni. Alfajiri mwili huwa na joto dogo, alasiri hupanda, na baina ya saa hizo mbili tofauti ya nusu digrii ni jambo la kawaida. Kwapa nalo husoma chini kidogo kuliko mdomo. Nilikuwa nikimsomea Kadhi haya usiku mmoja, mtoto kanilalia kifuani, naye akaniuliza, "Huyo bwana alikuwa na mke?" Nikasema sijui. "Kama alikuwa naye, basi watoto wake walipimwa na mama yao."

Mtoto aliyenilalia kifuani siku ile ni Debe. Umri wake miaka mitatu kasoro, uzito wake kilo 12, na sauti yake ukiwa Ngome waisikia. Homa yake ilianza baada ya Magharibi, saa ambayo homa zote za watoto huanza, kemisti akishateremsha mlango. Bi Kiganja akamgusa. "Mtoto yuwachemka," akasema, akanitazama.

Kadhi akatwaa bunduki. Debe alikuwa amelala chini ya panka, paji la uso limelowa jasho, na bunduki ikasema 36.4. Kadhi akatoa hukumu kuwa mtoto mzima. Ami akatia cha zebaki kwapani, tukamshika Debe watu wanne, na Ami akatangaza, "Mia na mbili!" Kasuku akatoa kichwa dirishani. "Mia na mbili! Debe ana mia na mbili!"

Ukikaa Mji wa Kale wajua kitakachofuata. Vichochoro vyetu vyembamba hata tuktuk haipiti, lakini habari hupita bila kugusa ukuta. Kabla Ami hajamaliza kutoa 32, ngazi imejaa. Mmoja asema mtoto afunikwe blanketi zito atoke jasho. Wa pili asema avuliwe aogeshwe maji ya barafu. Wa tatu ana siki. Wa nne kashika majani ya muarobaini, na wa tano ameshatuma mtu kwa maalimu akaandikiwe kombe. Kijana mmoja ambaye mpaka leo sijui ni wa nani alikuwa amekaa sebuleni kwetu akinywa chai.

Aliyetuokoa ni jirani wa chini, muuguzi, ambaye watoto humwita Dada Nesi. Alipanda ngazi na kanga yake ya jikoni, akatoa blanketi, akatoa siki, akatoa na nusu ya watu. Kisha hakuuliza namba. Mimi nilikuwa nimeshika namba mbili mkononi, kila moja tayari kutolewa, na hakuuliza hata moja! Aliuliza: anakunywa? Anatapika kila kitu anachopewa? Amepata degedege? Amelegea, au analala usingizi usioamshika? Shingo yake inakunjika? Apumuaje?

Debe akajibu mwenyewe. Alikaa kitako akasema anataka viazi karai.

"Huyu ana homa," Dada Nesi akasema, "lakini yumo." Ndipo akataka kipimajoto cha plastiki. Kilipatikana ndani ya kiatu cha Ami. Akalipangusa kwapa jasho, akakiweka ncha ikagusa ngozi, akaubana mkono wa Debe mpaka kikalia: 38.6. Kwapani, akatueleza, homa yaanza kuhesabiwa kwenye 37.5. Ikifika 38.5 au mtoto akiwa hana raha, mpe parasetamoli, na shabaha ni raha yake, kwa hivyo usimwamshe mtoto aliyelala vizuri ili tu namba iteremke. Bunduki ya Kadhi haikosei, ila haitaki jasho, haitaki panka, wala haitaki mtu aliyetoka juani sasa hivi. Na mkono wa Bi Kiganja? "Mkono wa mama hukosea kwa kuona homa isiyokuwepo. Ukisema hakuna homa, mara nyingi hakuna." Bi Kiganja aliipokea nusu ya pili ya sentensi hiyo. Ya kwanza ilipita.

Halafu ikaja kesi ya kijiko. Dawa ya maji tuliyonayo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo yake, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Debe wa kilo 12, basi, ni kati ya mililita 5 na 7.5. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko cha supu. Kadhi alikuwa na kijiko cha chai cha seti ya harusi, ambacho ni cha mapambo zaidi kuliko cha kipimo. Dada Nesi akatuonyesha kikombe kidogo cha mistari kilichokuja na chupa yenyewe, ambacho Kasuku alikuwa akikitumia kuuza juisi kwa wanasesere. Akauliza pia kama tumempa dawa ya mafua, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani na mtu hujikuta anampa mtoto mara mbili bila kujua.

Bi Kiganja alikuwa kimya, na mama mkwe wangu akinyamaza mimi hutafuta viatu. Hofu yake ilikuwa nyuni. Kina bibi zetu wa pwani wamesimuliana tangu zamani juu ya ndege apitaye juu ya mtoto akamtia degedege, na wako waliokatazwa kabisa kumpeleka mtoto wa namna hiyo kuchomwa sindano, ati sindano itammaliza. Dada Nesi hakumcheka. Akamwambia kwa taratibu, "Mama, degedege la homa lipo kweli." Huwapata watoto wawili hadi watano katika kila mia, baina ya miezi sita na miaka mitano, na mara nyingi hukoma lenyewe baada ya dakika chache. Mtoto alazwe ubavu mahali pasipo kitu cha kumuumiza, tazama saa, usimtie chochote kinywani, iwe kijiko, kidole au maji. Likipita dakika tano, kimbia. Na hata likikoma mapema, mtoto apelekwe hospitali, kwani nyuma ya degedege huenda pana malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hayo hayangoji maalimu amalize kuandika.

"Na akiwa mchanga?" Kadhi akauliza. Mchanga wa chini ya miezi miwili hana mjadala, akajibiwa. Kwapa likisoma 37.5 au zaidi, au likisoma chini ya 35.5, ni hospitali usiku huohuo, hata akiwa anacheka. Hilo la chini lilituduwaza sote. Hatukuwahi kufikiria baridi kuwa ni habari.

Asubuhi tukampeleka Debe akadungwa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, maana pwani hii homa haikisiwi, hupimwa. Hakuwa nayo. Yalikuwa mafua. Siku ya pili yake alikuwa roshani akiimba, na mtaa mzima ukajua amepona, wengine kwa masikitiko.

Hapo ingefaa kisa kiishe, lakini kwetu visa haviishi, hupokezana zamu. Iliyofuata ilikuwa yangu.

Niliamka macho yauma kwa nyuma, mgongo umekatika, viungo vyote vyadai mishahara. Mtoto akiwa na homa watu hujaa ngazini. Baba akiwa na homa watu humuuliza maji yameletwa? Maji ndiyo shida kuu ya kisiwa hiki. Siku bomba likikauka, na hukauka mno, wauza maji hupita na mikokoteni ya mitungi, na kazi ya kuipandisha mitungi ghorofani ni yangu. Kadhi akanilenga bunduki mimi nimejilaza chini ya panka, jasho lanitoka. Ikasema 35.9. "Afya tele," akahukumu. "Mitungi iko chini." Bi Kiganja akasema wanaume wa siku hizi ni maungo tu. Ami akasema Muskati alifanya kazi na homa kuliko hiyo, juani, juu ya paa.

Kasuku ndiye aliyekikuta cha plastiki, ndani ya birika la uji. Kwapa langu likasoma 39.4. Wallahi nilifurahi! Niliomba nisomewe tena, mbele ya mashahidi.

Sasa Ami akaleta vidonge vyake vya Muskati, aspirini, na kijana wa kemisti naye alikuwa tayari ameshanifungia diklofenaki za maumivu. Dada Nesi aliingia akavitwaa vyote kwa mkupuo mmoja. Homa kali, macho yauma kwa nyuma, viungo vyauma, na kipimo cha malaria hakioni kitu: mpaka ijulikane kuwa si dengi, mgonjwa apewe parasetamoli na maji mengi, basi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huweza kumfanya mwenye dengi avuje damu. Na aspirini watoto wasipewe kabisa wakiwa na homa, iwe dengi isiwe dengi.

Dengi si mgeni hapa. Mwaka 2013 mlipuko ulipozuka Mombasa, watafiti walipita nyumba kwa nyumba Tudor, na damu za watu wapatao 13 katika kila 100 zikaonyesha kuwa wameupata ugonjwa huo. Mwisho wa 2017 kuingia 2018 ikawa zamu ya chikungunya. Na karne ya kumi na tisa daktari James Christie, aliyekuwa Unguja, aliandika habari za homa ya viungo iliyoupitia mji mwaka 1870, ambayo wazee walisema waliwahi kuiona mwaka 1823, nao waliiita kidinga pepo. Bi Kiganja aliposikia hivyo alisema bibi yake alikuwa akiitaja, na kwamba waliougua enzi hizo hawakulala kitandani wakisomewa magazeti.

Anayeuleta ni mbu wa mchana, mwenye madoa meupe miguuni, apendaye maji safi yaliyotuama ndani ya nyumba. Chandarua changu cha usiku kwake si kitu. Yeye hunipata Ijumaa baada ya pilau, nimejinyoosha mkekani sebuleni, shati nimeliweka kando.

Homa ikapanda, ikakaa, kisha asubuhi moja ikateremka. Bunduki 36.5, plastiki 36.6, zebaki 98, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba hii vipimajoto vitatu vikakubaliana. Kukawa na sherehe. Kadhi akatia biriani motoni. Ami akaniambia kesho nitapandisha mitungi. Mimi nilikuwa na tumbo linaniuma na nilikuwa nimetapika, lakini nani awezaye kulalamika mbele ya ushahidi wa aina hiyo?

Bi Kiganja akapita akielekea jikoni na kikapu cha dania. Akanigusa, njiani tu, shingoni. Akasimama. Akanigusa mkononi, kisha mguuni. "Mkono baridi, tena wanata," akasema. "Sipendi." Kadhi akamwonyesha bunduki. Bi Kiganja hakuitazama. "Mwiteni Nesi."

Dada Nesi akaja, akanibonyeza tumbo, akaniuliza kama ufizi unatoa damu na mara ya mwisho nilikojoa saa ngapi. Kisha akawageukia. Dengi ina hila, akasema: homa hushuka kati ya siku ya tatu na ya saba, watu wakashukuru, na wengine hapo hasa ndipo wanapoanza kuharibikiwa, kwani maji ya damu huvuja kutoka mishipani na mgonjwa akaporomoka. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye ufizi, kulegea, kuhangaika, mwili baridi wenye unyevu: yoyote katika hayo, hospitali sasa hivi, kipimajoto kiseme kitakacho.

Nilishushwa ngazi juu ya kiti cha plastiki kama biharusi, Ami akiongoza kwa mbele akisema "Taratibu, taratibu" na kutomshika mtu yeyote. Tuktuk ikangoja Ndia Kuu. Kasuku alikuwa ameshatangulia kutangaza, kwa hivyo nilipita baina ya safu mbili za watu, na kila mmoja aliniombea dua na kuniuliza nani ataila ile biriani. Hospitalini nikatiwa dripu, nikapimwa damu asubuhi na jioni kuangalia uzito wake na zile chembe zinazoigandisha, na alhamdulillahi zikapanda. Bi Kiganja alikuja na uji wa mchele na mkono wake. Daktari kijana wa zamu alipoandika joto langu kwenye faili, yeye alinigusa kwanza, kisha akampa daktari ruhusa ya kuendelea.

Niliporudi nyumbani Ami akataka kuhakikisha kwa chombo chake. Kile cha zebaki lazima ukikung'ute kwanza ishuke, na Ami hukung'uta kwa mkono mzima, Kimuskati. Mara hii kiligonga kitasa cha mlango. Zebaki ikamwagika sakafuni, vipira vya fedha vikakimbilia kila pembe, na Debe akavifuata akipiga makofi. Bi Kiganja akatwaa fagio. Dada Nesi akapiga kelele kutoka chini, maana Kasuku alikuwa ameshatangaza: msifagie! Fagio huitawanya, na mvuke wake ni sumu. Toeni watoto, zimeni panka, fungueni madirisha, vikusanyeni vipira kwa kipande cha kadi ngumu, mvitie ndani ya chupa yenye kifuniko, kisha niachieni mimi nitajua pa kuipeleka. Vipimajoto vya namna hii dunia ilikubaliana katika Mkataba wa Minamata kuacha kuvitengeneza, kuviagiza na kuviuza nje ya nchi ilipofika 2020. Ami alipoambiwa hivyo alisema mkataba huo bado haujafika Muskati, akaenda kulala.

Basi tukatafuta chupa yenye kifuniko. Kabati hakuna, jikoni hakuna, zote zina achari.

"Chupa ya Debe iko chini ya kitanda cha Baba," Kasuku akasema.

Mtoto huyu husema mengi mno, kwa hivyo alikuwa amelisema hilo tangu kabla ya mafua na hakuna aliyemsikiliza. Nikapiga magoti nikachungulia. Ilikuwa pale, chupa kubwa ya jemu, haina kifuniko, imejaa maji safi ya mkokoteni niliyoyapandisha mimi kwa mgongo wangu. Na ndani ya maji, viluwiluwi vikicheza juu chini, juu chini, pamoja na chembechembe za mkate wa mofa.

"Samaki wangu," Debe akasema.

Alikuwa akiwalisha. Kila mmoja alikuwa na jina. Ami alikuwemo, Bi Kiganja alikuwemo, nami nilikuwemo, mdogo kuliko wote. Baadhi, akatueleza kwa fahari, walikuwa wameshakua wakaruka.

Kadhi akaimwaga nusu ya familia yetu roshani, juu ya sakafu iliyopigwa jua. Dada Nesi akakagua kila kitu: pipa la bafuni likapata mfuniko, visahani vya mitungi ya asumini vya Bi Kiganja vikamwagwa mbele ya macho yake naye akala yamini kuwa viluwiluwi vile ni vya asumini tu, havina madhara. Akaamuru kila chombo cha maji kimwagwe na kusuguliwa kila wiki, kwani mayai ya mbu huyu hushikilia ukingo wa chombo hata kikikauka.

Debe akalia. Ngome wakasikia. Alilia mpaka Bi Kiganja akamgusa paji la uso akasema yuwachemka, akanitazama mimi, na Kadhi akatwaa bunduki, na Kasuku akaenda dirishani. Kesi ikasikizwa papo hapo, ukumbini, mimi nikiwa mshtakiwa kwa kosa la kumiliki kitanda. Hukumu: baba amnunulie mtoto samaki wa kweli, wale wadogo wanaokula viluwiluwi, awatie ndani ya pipa kubwa la maji, na kwa kuwa samaki hawataki maji machafu, baba ndiye atakayewapandishia mtungi mpya kila Jumamosi.

Nimewanunua watano. Mmoja Debe amempa jina la Muskati, na huyo hula kuliko wenzake wote.